Marekani ituletee watoto wetu, hata tusiowazaa

Mhariri,

Majuzi msomaji wenu mmoja aliandika kwamba sisi wakimbizi wa Kongo tulioko Marekani, tunaolia kutenganishwa na jamaa zetu, tulijitakia wenyewe kwa kujaza fomu ovyo. Nimeisoma barua yake mara tatu, ya mwisho nikiwa kwenye basi la alfajiri natoka kazini. Sigombani naye. Ila naona hajawahi kuketi mbele ya ile meza ya usaili wa kuhamia Marekani.

Mimi niliketi, kambini Nyarugusu, wilayani Kasulu, Tanzania, mwaka 2015. Upande ule afisa wa Kimarekani na kompyuta yake; upande huu mimi, mume wangu na watoto, wameoga na kupakwa mafuta hadi wanang'aa; pembeni mkalimani. Tulipofika kwenye jina la binti mkubwa, mkalimani akanigeukia: "Huyu umemzaa wewe?" Nikajibu, "Ni mtoto wangu." Akarudia polepole, kama anasema na kiziwi: "Nauliza, umemzaa?" Nikaeleza kwamba mama yake ni dada yangu mkubwa, amezikwa hapahapa kambini, na mimi ndiye niliyemlea tangu ana miaka miwili. Nilisema kwa dakika nzima. Mkalimani akatamka neno moja tu la Kiingereza, na afisa akaliandika. Mapajani nilikuwa na mfuko wa rambo wenye ripoti zake zote za shule, kila moja ina sahihi yangu palipoandikwa "mzazi". Hakuna aliyeziomba.

Tulivuka Ziwa Tanganyika kutoka mji wa Baraka, kwetu Kongo, mwaka 1998: mama, dada na mimi. Dada alipofariki, mtoto alihamia mgongoni mwangu kabla matanga hayajaanuliwa. Hakukuwa na kikao cha kuamua nani amlee. Kwetu Wabembe, na nadhani kwa wengi wanaosoma gazeti hili, mama mdogo ni mama. Lakini jina la mtoto lilibaki kwenye kadi ya posho ya bibi yake, kwa sababu kulihamisha kulitaka muda, na katika muda huo mtoto angekosa unga. Kosa langu la fomu ndilo hilo. Mwaka 2016 sisi tukapanda ndege, yeye akabaki na bibi. Alikuwa na miaka 13.

Kuhusu lugha ngoja niseme kidogo, maana hapa ndipo watu wengi walipotelea. Mume wangu katika usaili wa kwanza aliulizwa ana ndugu wangapi, akasema saba. Usaili wa pili, mkalimani mwingine, akaulizwa ndugu wa tumbo moja, akasema watatu. Faili likaonyesha wanne wametoweka! Ilituchukua miezi kueleza kwamba mtoto wa baba mdogo ni ndugu, kwamba hatukuwaficha wala kuwabuni. Sisi tuliona kichekesho. Wapo waliofungiwa kesi kwa jambo kama hilo.

Sheria ya Marekani inamtambua mtoto wa kuzaa, wa kambo na wa kuasili, na wa kuasili kwa kawaida awe ameasiliwa kwa hati kabla hajatimiza miaka 16. Sasa nauliza: nani alitoka Nyarugusu, ambako kuvuka mpaka wa kambi kunataka kibali, akaenda mahakamani kuomba hati ya kumwasili mtoto anayelala naye kitanda kimoja? Mkimbizi akishafika huku ana miaka 2 ya kumwombea mume au mke, na watoto wake walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa. Fomu hiyo haina malipo na imewaletea wengi wake zao. Lakini haimjui mama mzazi, haimjui kaka, haimjui mtoto wa dada.

Nilivumilia miaka 5 nikala kiapo cha uraia, kwa kuwa raia anaweza kumwombea mama yake. Nikapiga simu kambini kwa furaha. Mama akauliza swali moja tu: na huyu mtoto? Nikaenda kwa wakili. Jibu lake ni kwamba mzazi anayeombewa na raia haji na mtegemezi yeyote. Anakuja peke yake. Nilipomrudishia mama jibu hilo alisema hawezi kumwacha binti kama mzigo stendi, nikome kumwambia habari hizo.

Basi wakangoja kesi yao wenyewe kupitia HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Kesi ikatembea kwa mwendo wa kinyonga: usaili, alama za vidole, uhakiki wa usalama, kipimo cha kifua. Asiyejua atadhani ukimaliza hatua umeimaliza. Kumbe kila moja ina tarehe yake ya kuchacha. Kipimo cha afya kinaisha kabla uhakiki haujarudi. Uhakiki ukirudi, mnapimwa upya. Mkipimwa, karatasi nyingine nayo imeisha. Mwishoni mwa 2024 zote zikakutana, wakaambiwa wataruka Februari 2025. Mama akauza kuku, godoro na masufuria, kama wanavyofanya wote wanaoondoka.

Tarehe 20 Januari 2025 rais mpya, Donald Trump, akasaini amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi kuanzia tarehe 27, na safari zikaanza kufutwa hata kabla ya siku hiyo. Jirani aliyenunua godoro alilirudisha kwa bei ileile. Wa masufuria alikataa. Na tarehe 27 hiyohiyo waasi wa M23 wakaingia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, kwetu Kongo. Sisemi kwamba kuna mtu Washington aliangalia kalenda ya Kivu. Nasema kwamba sisi tulizipokea habari zote mbili siku moja, kwenye simu moja, na tukashindwa tuanze kulia ipi.

Najua msomaji wenu atasema wakimbizi nao wamedanganya. Wamo. Kambini nafasi ziliuzwa na majina yakakodishwa. Tuliokaa kule tunajua, tusijifanye. Mwaka 2008 Marekani ilianza kupima vinasaba vya walioombewa na jamaa zao, ikianzia Nairobi kisha nchi nyingine za Afrika. Familia ambazo damu ya wote ililingana na maelezo yao hazikufika moja katika tano, wengine wakiwa hawakutokea kabisa kupimwa. Mlango huo, ulioitwa P-3, ukafungwa hadi Oktoba 2012. Walaghai waliumbuka, sawa. Lakini kipimo kile kingempima binti yangu na mimi, kingesema mimi si mama yake, na mezani hilo lingesomeka kwamba nimesema uongo. Vita vyetu vimeacha yatima mikononi mwa mashangazi, mabibi na majirani. Ukitafuta familia za Kivu kwa damu peke yake, hutazipata. Nyingi zilishonwa upya njiani.

Kwa hiyo naiomba nini serikali ya Marekani? Kwanza imkubali mtoto wa kulea bila kudai hati ya mahakama ambayo kambini haikupatikana. Ushahidi upo: kumbukumbu za HCR za miaka na miaka, kadi za kliniki, ripoti za shule. Afisa mwenye mashaka aulize walimu, aulize majirani, amuulize mtoto mwenyewe nani alimpeleka hospitali. Hiyo ni kazi, najua, lakini ni ndogo kuliko kuwaanzishia watu usaili upya kila karatasi moja inapoisha muda, na huo mtindo nao ukome: aliyekwisha kupita hatua zote arudie ile iliyochacha tu, kisha asafiri. Mzazi wa raia naye aruhusiwe kuja na mtoto anayemtegemea. Kumlazimisha bikizee wa miaka zaidi ya 70 achague kati ya binti yake na mjukuu wake hakumlindi Mmarekani yeyote.

Wataniambia nafasi hazipo. Mwaka wa fedha wa 2024 waliingia wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo ndio walikuwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Kwa mwaka wa 2026 kiwango kilichotangazwa ni 7,500, na ikasemwa wazi kwamba nyingi ya nafasi hizo ni za wazungu wa Afrika Kusini. Sina neno nao, kila mtu na shida zake. Lakini hata katika kikapu kidogo namna hiyo, huwezi kuanza na waliokwisha kuitwa, waliokwisha kupimwa, ambao huku wana chumba kimetandikwa na mtu wa kuwapokea uwanjani? Watu hao hawahitaji kutafutiwa nyumba wala kufundishwa kuwasha jiko. Sisi tupo.

Ninyi mlioko kambini mnaosoma hii kwenye simu, msiwasikilize wanaosema kesi yenye watu wengi haiendi. Tajeni kila mtu, hata mume aliyepotelea Fizi, kule Kongo, hamjui yu hai au amekufa, hata mtoto aliye kwa bibi. Jina lisilotajwa siku ya kwanza ni gumu mno kuliingiza baadaye.

Na ninyi Wakongo wenzangu mliokwisha kuwa raia, mnaopiga kelele kwenye makundi ya WhatsApp usiku kucha: kila jimbo lina maseneta wawili, na ofisi zao zina watu ambao kazi yao ni kufuatilia kesi za wakazi. Wanapokea simu. Mimi huwapigia Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, Kiingereza changu hivyohivyo kilivyo, na yule dada anayepokea sasa ananijua kwa sauti. Hajanipa jibu la maana bado, lakini kila mara ananiuliza binti hajambo. Nimeandika barua hii kwa Kiswahili kwanza; mwanangu aliye sekondari ataitafsiri tumpelekee. Ameniuliza neno "mama mdogo" aliandikeje kwa Kiingereza. Nimemwambia aliache hivyohivyo.

Mhariri, naomba jina langu lisichapishwe. Faili la binti bado liko mezani kwa mtu.

Msomaji wenu,
Kentucky, Marekani