Kava mbili, mtoto mmoja: nani aanze kulipa?

Kwa Meneja wa Klemu,

Asalaam aleikum. Mimi ni memba wenu hapa Malindi. Naandika kuhusu klemu ya bili ya hospitali ya mwanangu mliyoirudisha mkasema iende kwa kava, yaani bima ya afya, ya babake kwanza, na kule kwa babake washasema ianze kwenu. Mume wangu anafanya kazi hoteli Watamu, mimi niko ofisini hapa mjini, kila mmoja akatwa pesa ya bima kazini kwake na mtoto yuko kwenye kadi zote mbili, na juu ya hapo kuna SHA, bima ya afya ya serikali iliyoshika mahali pa NHIF tangu Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara kila mwezi.

SHA ililipa yake. Shida ni ile baki. Mtoto keshapewa ruhusa ya kutoka hospitali, dripu ishatolewa, plasta bado iko mkononi, dada wa kaunta akawapigia nyinyi kwa spika kisha akawapigia wale wengine, pale pale mbele za watu, na kila mtu asema mwenzake ndiye wa kwanza, wala hakuna aliyetaja kifungu. Ikabidi tukope ndo tutoke.

Sasa hiyo sheria ya nani aanze mmeiandika wapi? Kitabu cha memba nimekisoma chote, kinasema tu mtu akiwa na bima nyingine ajulishe, nami nilijulisha, fomu ya kujiunga ina jina la kampuni ya mume wangu na nambari ya kadi yake.

Marekani kwa mfano, mtoto akiwa kwenye bima za wazazi wote wawili wanaoishi pamoja, kawaida huangaliwa siku za kuzaliwa za wazazi, mwezi na tarehe tu, mwaka hauhesabiwi. Mama akiwa wa Machi na baba wa Septemba, bima ya mama hulipa kwanza, ya baba yaja nyuma kwa kilichobaki. Tarehe zikigongana, huanza ile ambayo mzazi amekaa nayo muda mrefu zaidi. Walioachana huangaliwa amri ya korti, na kama haipo huanza bima ya mzazi anayekaa na mtoto. Sisemi ndo sheria ya huku, na kwangu tarehe ya kuzaliwa haina uhusiano wowote na ubora wa kava, lakini angalau yajulikana kabla mtoto hajaugua na hospitali pia yaijua. Sisi twaijulia kaunta, mtoto yuko begani.

Sitaki kulipwa mara mbili, bili ni moja. Nataka muongee na hiyo kampuni nyingine nyinyi wenyewe, mana nyote mna namba za wenzenu, mkubaliane nani aanze na nani amalize, mturudishie pesa tuliyokopa. Na mniandikie kwa barua, si kwa simu, mtoto akilazwa tena nitoe kadi gani kwanza. Kama bado mwakataa, nipeni kifungu chenyewe niende nacho kwa mamlaka ya bima.

Risiti, bili na ile barua yenu ya kukataa nimeziambatisha.

Memba wenu,
Malindi