Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: mwaka wetu na mama Eunice

Ndugu wanachama wa chama chetu cha maigizo, habari zenu. Najua ripoti hii ilitakiwa iwafikie kabla ya mkutano mkuu na nimechelewa, lawama nazipokea, katibu ni shahidi kwamba niliwekwa shifti za usiku wiki tatu mfululizo. Haya twende.

Mnakumbuka mwaka jana tulikubaliana tuache kidogo vichekesho vyetu vya mama mkwe, tusome maisha ya msanii mmoja wa huku huku Ureno halafu tutoe igizo fupi. Mimi ndo nilimpendekeza Eunice Muñoz, muigizaji wa jukwaani wa Kireno. Kwenye grupu mkaanza, "huyo bibi wa Kizungu anatuhusu nini sisi", na vile vikatuni vya kucheka mkavimwaga. Siku ile nilinyamaza, leo nawajibu.

Huyu mama kazaliwa Amareleja, kule Alentejo, kusini mwa Ureno karibu na mpaka wa Hispania, tarehe 30 Julai 1928. Ndo kijiji kile ambacho mwaka 2003 joto lilipita nyuzi 47, kwa hiyo nyie wa Dodoma msijisifie jua. Kwao wote wasanii wa kuzunguka, leo wapo mji huu kesho wameshakunja virago, na yeye kakulia humo humo. Tarehe 28 Novemba 1941 akapanda jukwaa la Teatro Nacional D. Maria II pale Rossio, uwanja wa katikati ya Lisbon, kwenye kampuni ya Amélia Rey Colaço na mumewe Robles Monteiro. Alikuwa na miaka 13! Umri wa darasa la saba, na ule ndo ukumbi wa taifa. Baadaye Conservatório, chuo cha sanaa, akamaliza na alama 18 kwa 20, wenye watoto kwenye shule za hapa mnaijua hiyo 18 inavyopatikana.

Mwaka 1946 akacheza kwenye filamu ya maisha ya Camões, akapewa tuzo ya muigizaji bora wa kike. Hapa kikao cha pili kiliharibika kabisa, maana Camões ndo yule mshairi aliyetunga utenzi wa safari ya Vasco da Gama, na kwenye utenzi wake watu wa Mombasa wamefanywa wenye hila, wa Malindi ndo wakarimu. Tunao wanachama wa kote kuwili. Walibishana mpaka mwenye ukumbi akaja kuzima taa, mambo ya mwaka 1498 jamani.

Sasa sikilizeni sehemu iliyonifanya nimpendekeze. Miaka ya hamsini mwanzoni, jina lishakuwa kubwa, watu wanalipa kumuona, huyu mama akaacha. Hakufukuzwa wala hakuugua, kaondoka tu, akakaa nje ya jukwaa kama miaka minne anafanya kazi ya kawaida, dukani, kama sisi. Fikiria unaingia dukani unahudumiwa na mtu uliyemlilia machozi ukumbini. Halafu 1955 akarudi, pale Teatro Avenida, kwa mchezo wa Mfaransa Anouilh juu ya Joana d'Arc, yule binti shujaa wa Ufaransa, na watu wakajaa. Mimi nimekaa kwenye chama hiki miaka sita, nimeona wangapi wameondoka sababu ya kazi za usafi asubuhi na jikoni usiku, na kila akiondoka mtu tunamsema, "kajisikia", "katususa". Watatu wamerudi mwaka huu na mmoja wao ndo kaigiza vizuri kuliko sisi wote, msinibishie.

Mengine napita haraka. D. Maria II iliungua tarehe 2 Desemba 1964, zikabaki kuta za nje, ikafunguliwa tena 1978 na mama Eunice akarudi humo. Katikati hapo kulikuwa na udikteta na wakaguzi wa serikali walioamua kipi kichezwe kipi kisichezwe, mpaka mapinduzi ya tarehe 25 Aprili 1974. Brecht, yule mwandishi wa michezo wa Kijerumani, kwa mfano hakuwa anaruhusiwa. Ndo maana 1986 Eunice alipomcheza Mãe Coragem, yaani Mama Jasiri, kwenye mchezo wa huyo Brecht, chini ya uongozaji wa João Lourenço, lilikuwa jambo. Ni mama mchuuzi anayevuta mkokoteni nyuma ya majeshi, anawauzia askari, vita inamlisha na vita hiyo hiyo inamlia watoto wote watatu. Tulipomaliza kuusimulia, dada yetu wa Bukavu alikaa kimya muda, halafu akasema "huyo mama mimi namujua". Tukachagua kipande hicho kwa igizo letu, hata kura hatukupiga.

Kuhusu fedha. Tupo 31, waliolipa ada ni 19, mweka hazina atasoma hesabu yote. Ila mjue 1993 Eunice alicheza tamthilia ya televisheni, A Banqueira do Povo, iliyotokana na Dona Branca, yule bibi wa Lisbon aliyekuwa anapokea akiba za watu anawapa riba ya asilimia 10 kila mwezi, mpaka akakamatwa 1984. Kwetu ungeuita upatu. Mweka hazina kaniomba niseme kwamba yeye si Dona Branca na hana riba ya kumpa mtu.

Tulienda Rossio pia, tukasimama mbele ya ukumbi, wengine mkapotelea Largo de São Domingos kupiga soga na Waguinea. Niliwaeleza pale pale kwamba tarehe 28 Novemba 2021, miaka 80 kamili tangu ile siku ya kwanza, aliagia kwenye jukwaa lile lile, umri 93, pamoja na mjukuu wake Lídia. Na mchezo wenyewe, A Margem do Tempo, hauna maneno. Miaka 80 ya kusema mistari ya watu halafu unaaga kimya! Alifariki tarehe 15 Aprili 2022, Ijumaa Kuu.

Igizo letu mlikuja 40 na kitu, viti vikapungua. Makosa: maiki ilikufa katikati, na mimi nilisahau mistari miwili, mliona. Mwakani napendekeza tufanye tarehe 28 Novemba hasa, na ndugu zetu wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wanataka sehemu yao iwe kwa Kimwani, lugha ya kwao, naunga mkono.

Uenyekiti naachia nafasi kwa atakayejitokeza, nami nibaki jukwaani. Na ule mkokoteni tuliouazima sokoni haujarudishwa, uko kwa katibu, tairi moja halina upepo. Mwenye pampu aje nayo Jumamosi.