Usimwondoe kijana yule

Morogoro
Jumapili jioni

Kwako ndugu yangu Rashidi,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, mvua zimeanza, na mama watoto anakusalimu sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile habari ya kijana mnene unayetaka kumtoa kwenye darasa lako la kung fu imeninyima raha. Unasema mguu wake haufiki kiunoni, wenzake wanamcheka, na umri umempita: samaki mkunje angali mbichi, naye ameshakauka. Kabla hujamwambia lolote, nakuomba utazame Kung Fu Panda. Usiipuuze kwa kuwa ni katuni.

Najua sisi tumekulia kwenye kibanda cha video, tukibanana kwenye mabenchi kumwangalia Jackie Chan, kisha tunatoka kwenda kurushiana mateke mchangani mpaka magharibi. Basi Jackie Chan humu yumo, ndiye sauti ya Tumbili. Na wale mashujaa watano, chui milia, tumbili, korongo, nyoka na vunjajungu, hawakuchaguliwa ovyo. Kila mmoja ana mtindo wake wa kung fu unaofundishwa China kweli. Mtazame korongo anavyokinga pigo kwa bawa, utaona waliomchora walikuwa wanaiheshimu kazi hii.

Ile ya kwanza, ya 2008, ndiyo inayokuhusu. Po ni panda aliyelelewa na bata bukini muuza supu ya tambi. Anafika kutazama Shujaa wa Joka akichaguliwa, anakuta lango limefungwa, anajifunga fataki kwenye kiti na kuangukia katikati ya uwanja. Kobe mzee, Oogway, anamnyooshea kidole yeye. Mwalimu Shifu hataki hata kumwona. Anampa kipigo kila siku ili akate tamaa aondoke mwenyewe, lakini Po haondoki.

Siku moja Shifu anamkuta stoo ya chakula. Po amepanda juu kabisa, miguu ameitanua huku na huku, anakula biskuti za Tumbili. Hakuna aliyemfundisha kupanda vile. Njaa ndiyo iliyompandisha! Hapo mwalimu anatulia na kumwangalia mwanafunzi wake kwa mara ya kwanza. Anampeleka milimani, anamfundisha kwa chakula. Mwisho wanagombania kimbonge kimoja cha unga kilichopikwa kwa mvuke, vijiti vya kulia vikigongana kama panga. Sehemu hiyo nimeirudia kuliko zote. Po anakipata, kisha anamrushia mwalimu wake, anamwambia hana njaa.

Rashidi, angalia pia Shifu alikotoka. Kabla ya Po alimlea Tai Lung, chui wa theluji aliyemwokota mlangoni akiwa mchanga. Huyo alikuwa na kila kitu unachokitaka kwa mwanafunzi: wepesi, nguvu, bidii ya usiku na mchana. Shifu alimsifu mpaka akashindwa kuuona ubaya uliokuwa unakua ndani yake. Tai Lung akaishia gerezani miaka 20, akilindwa na askari 1,000. Kwa hiyo mwalimu yule alikuwa ameshakosea kumsoma mwanafunzi mzuri, akakaribia kukosea tena kwa mwanafunzi mbaya.

Ya pili, ya 2011, iliongozwa na Jennifer Yuh Nelson. Humo Po anatafuta asili yake, na kwangu ndiyo inayogusa moyo zaidi. Ya 2016 itazame na kalamu mkononi, kwa sababu sasa Po ndiye anaambiwa afundishe. Somo lake la kwanza linavurugika vibaya. Baadaye, kijijini kwa mapanda, anaacha kuwageuza wawe kama yeye. Anayejua kujiviringisha anapigana kwa kujiviringisha, anayependa kukumbatia watu anakumbatia maadui. Ya 2024 ina mambo yake mazuri, ila wale watano hawaonekani karibu filamu nzima na pengo lao nililisikia.

Sasa turudi kwa kijana wako. Uliandika kwa kupita tu kwamba asubuhi anabeba magunia ya nazi sokoni na baba yake. Mtu anayetembea na gunia la nazi begani kwenye matope bila kuteleza anajua kusimama, na kusimama ndiko unakoanza kuwafundisha wote. Usianze na mateke. Mwambie aweke miguu kama anapopokea gunia, halafu wale wanaomcheka wajaribu kumsukuma.

Mwezi ujao nakuja Tanga kumwona mama. Nitapita darasani kwako, na natumaini nitamkuta.

Nduguyo,
Musa