Harambee ya Ghala: Tumechoka Kuuza Februari na Kununua Agosti

Ndugu, jamaa na marafiki,

Kikundi chetu cha wakulima hapa Makueni kinawaalika kwenye harambee ya ghala la mahindi, Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu, uwanja wa kanisa, saa nne asubuhi. Mlio Nairobi, Mombasa na ng'ambo, pitishieni mchango kwa mweka hazina.

Kuna aliyetuuliza: watu wana njaa, ghala la nini? Ametuuliza vyema. Mvua ikinyesha, mahindi hupatikana. Kuyaweka ndiko kunatushinda. Kwa kuogopa dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi ghalani, na karo nayo ikibisha hodi, tunamuuzia dalali kwa bei anayoitaja yeye. Ikifika Agosti tunayanunua tena kwa gorogoro, ule mkebe wa kupimia nafaka, kwa bei anayoitaja yeye yule.

Anayeyaweka yakiwa mabichi naye anajiwekea sumu. Mwaka 2004 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliwapata watu 317 katika sehemu zetu hizi, 125 wakafa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Sumu hiyo haimalizwi na moto wa jikoni. Pika muthokoi, mahindi yetu ya kukobolewa, kutwa nzima, bado imo.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na ya kupata chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Mwaka 2019 ikaja pia sheria ya stakabadhi za ghala: unaweka nafaka kwenye ghala lenye leseni, unapewa stakabadhi, na unaweza kuitumia kuombea mkopo huku ukingoja bei ipande. Sheria nzuri, hatuna ugomvi nayo. Ila inamtaka mkulima alete mahindi makavu, unyevu usiozidi asilimia 13.5, na mlango huo ndio wengi wetu hatuupiti.

Wengi hupima kwa chumvi: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye kioo unarudi kuanika. Mama zetu wametulea kwa chupa hiyo. Lakini hunasa unyevu ukishapita kama asilimia 15 tu. Mahindi ya 14 huipita bila chumvi kuganda. Kwa hiyo cha kwanza kununuliwa ni kipimo cha unyevu, kabla hata ya mabati. Kisha maturubai ya kuanikia, na magunia yasiyopitisha hewa, ambayo dumuzi hufia ndani bila dawa yoyote.

Lengo ni shilingi 650,000. Shilingi 300 hivi hununua gunia moja la kilo 90, kwa hiyo asione haya mwenye kidogo. Hesabu itasomwa hadharani siku hiyo hiyo, na risiti zitabandikwa mlangoni mwa ghala.

Matofali akina mama wameshafyatua. Asiye na pesa aje na koleo Jumatatu inayofuata. Msingi utachimbwa hata kama lengo halijafikiwa.