Anayegombea bodi ya programu huria asome kwanza hesabu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme neno kuhusu jambo ambalo wasomaji wako wengi wanaotengeneza, wanaotafsiri au wanaotumia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yanayoiambia kompyuta la kufanya) uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuubadili, hulipitia kila mwaka bila kulitazama kwa makini, nalo ni uchaguzi wa wajumbe wa bodi za taasisi zisizo za kibiashara zinazozilea programu hizo. Nasema haya nikiwa mtu aliyewahi kugombea kiti cha aina hiyo akashindwa, na ningependa ieleweke mapema kwamba siwalaumu walioninyima kura. Walikuwa na haki.

Nilikuwa nimeuchangia mradi huo kwa miaka sita, kwanza kwa kutafsiri, kisha kwa kurekebisha hitilafu ndogo ndogo, na hatimaye kwa kukagua kazi za wenzangu kabla hazijaingizwa kwenye msimbo mkuu. Ulipofika wakati wa kupendekeza majina, rafiki mmoja alilipeleka langu, nami nikakaa jioni mbili kuandika maelezo ya kujinadi. Niliyajaza sifa za kazi nilizofanya: matoleo niliyoshiriki kuyaandaa, hitilafu nilizozifunga, sehemu ya programu niliyotamani iandikwe upya kuanzia mwanzo. Kisha kikaja kipindi cha maswali. Mwanachama mmoja ambaye sikuwahi hata kuliona jina lake aliwauliza wagombea wote swali moja tu: katika hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, ni sehemu gani ya mapato iliyotoka kwa mfadhili mmoja, na akiondoka mtapunguza nini kwanza?

Hesabu hizo zilikuwa zimewekwa wazi kwa miezi kadhaa, nami sikuwa nimezifungua. Nilizifungua usiku ule ule, kurasa kumi na nne, nikakuta kwamba zaidi ya nusu ya mapato ilitoka mahali pamoja, na kwamba fungu kubwa kuliko yote upande wa matumizi halikuwa la seva wala la mikutano kama nilivyodhani siku zote, lilikuwa la mishahara ya watu wanne. Watu wanne hao niliwafahamu kwa majina, nilikuwa nikiandikiana nao kila wiki, na haikuwahi kunipitikia kwamba kuna kikao mahali fulani kinachoamua kama mwakani watakuwepo. Nilipofunga faili lile nilijua kwamba maelezo yangu ya kujinadi yalikuwa barua nzuri ya kuomba kazi, ila kazi yenyewe haikuwa ile.

Kosa langu ni kosa la wengi. Tumezoea kuona kiti cha bodi kama nishani anayovishwa fundi hodari, ilhali bodi haiandiki msimbo na, katika taasisi zilizojipanga vizuri, haina hata ruhusa ya kuwaelekeza wanaouandika. Apache Software Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1999, ina wakurugenzi 9 wanaochaguliwa na wanachama kila mwaka na wasiolipwa kwa kazi hiyo. Maamuzi ya kiufundi yako mikononi mwa kamati ya kila mradi, na kamati hizo hupeleka taarifa kwa bodi kila robo mwaka. Debian, mradi wa mfumo endeshi wa kompyuta, imetenganisha mambo hata zaidi: mradi una kiongozi wake anayechaguliwa kila mwaka, lakini fedha na mali zake hutunzwa na vyombo vya kisheria vilivyo nje yake, kikiwemo Software in the Public Interest, kilichosajiliwa mwaka 1997 katika jimbo la New York. (Kwenye kura ya Debian, wanachama wanaweza pia kuchagua kwamba hakuna anayefaa miongoni mwa waliosimama, utaratibu ambao ningependa kuuona katika chaguzi nyingine nyingi, hata zisizohusu kompyuta.)

Taasisi ya namna hii ni mtu mbele ya sheria. Inamiliki jina na alama ya mradi, inapokea michango, inaajiri, inasaini mikataba, inashtaki na kushtakiwa. Zilizosajiliwa Marekani chini ya kifungu cha 501(c)(3) cha sheria ya kodi husamehewa kodi kwa sharti kwamba mapato yasiishie mfukoni mwa mtu binafsi, na kila mwaka hupeleka taarifa ya fedha ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuisoma. Wajumbe wa bodi wanabeba wajibu wa uangalifu, yaani kusoma, kuuliza na kuamua kama mtu mwenye busara angefanya, na wajibu wa uaminifu, yaani kutanguliza maslahi ya taasisi mbele ya yale ya mwajiri wao, rafiki zao na wao wenyewe. Taarifa ya kodi isipopelekwa, wa kwanza kuulizwa ni hao, wala hakuna atakayejali kwamba mmoja wao ndiye aliyeandika sehemu bora kuliko zote ya programu.

Uzito wa kazi hiyo ulionekana waziwazi mwezi Oktoba 2025. Python Software Foundation ilikuwa imeomba ruzuku ya dola milioni 1.5 kutoka National Science Foundation, wakala wa serikali ya Marekani, kwa ajili ya kuimarisha usalama wa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na wa PyPI, hazina ambako waandaaji wa programu huchukua vifurushi vya msimbo vilivyo tayari. Ombi lilipendekezwa kufadhiliwa. Masharti yaliyoambatana nalo, hata hivyo, yaliitaka taasisi ithibitishe kwamba haitaendesha shughuli zozote za kuendeleza uanuwai, usawa na ujumuishi, si katika mradi huo peke yake bali katika kazi zake zote, na serikali ilijiwekea haki ya kudai irejeshewe hata fedha zilizokwisha kutumika. Bajeti ya taasisi hiyo kwa mwaka ni kama dola milioni 5. Bodi ilipiga kura kwa kauli moja kuliondoa ombi. Msomaji anaweza kukubaliana na uamuzi huo au asikubaliane nao. Ninachomwomba ni ajiweke kwenye kiti cha mjumbe mmoja wa bodi ile, mbele yake mkataba wenye kifungu cha kurejesha fedha na bajeti ambayo fedha hizo zingeinenepesha kwa kiasi kisicho kidogo, kisha ajiulize ni maneno gani kati ya yale anayoyasoma katika maelezo ya wagombea yangemsaidia kujua nani angeamua nini.

Najua lipo jibu, nami nimeshapewa mara nyingi: bodi ikiachiwa wahasibu na wanasheria, mradi utasahauliwa na wenye kuufahamu. Jibu hilo lina ukweli. Hitilafu iliyoitwa Heartbleed ilipotangazwa Aprili 2014, dunia ilishtuka kusikia kwamba OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Miaka kumi baadaye, Machi 2024, mlango wa siri uligunduliwa ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili, ukiwa umepenyezwa na mtu aliyejipatia imani ya mtunzaji, yaani msimamizi wa programu hiyo, aliyekuwa amechoka na kuelemewa na kazi isiyo na malipo. Anayejua uchovu wa namna hiyo ni yule aliyewahi kuuonja, na bodi isiyo na hata mtu mmoja wa aina yake itagawa fedha kwa kubahatisha. Lakini kuujua uchovu hakutoshi. Mtunzaji aliyechoka anahitaji mtu wa kumtafutia mshahara, na kutafuta mshahara ni kazi ya bajeti, ya barua kwa wafadhili na ya vikao virefu ambavyo, kwa kuwa wajumbe wametawanyika duniani, kwa mmoja wao huangukia usiku wa manane.

Suala la pili ambalo wapiga kura hulipita haraka ni mwajiri wa mgombea. Si aibu kuajiriwa na kampuni kubwa, na miradi mingi ingekuwa imekufa kama kampuni hizo zisingewalipa watu kuifanyia kazi. Hata hivyo bodi iliyojaa watu wa mwajiri mmoja ni idara ya mwajiri huyo iliyovaa kanzu ya umma. GNOME Foundation iliona hatari hiyo mapema ikaweka kanuni kwamba wenye uhusiano na kampuni moja wasizidi asilimia 40 ya viti vya bodi. Mfano wa upande wa pili ni Linux Foundation, ambayo kisheria ni jumuiya ya wafanyabiashara na ambako viti vingi vya bodi hutokana na kampuni zinazolipa ada za juu. Mwaka 2016 ilibadili kanuni zake, na haki ya wanachama binafsi ya kuchagua wawakilishi wao katika bodi ikaondolewa. Jambo hilo lilifanyika kwa kubadili maneno machache katika katiba, na wengi walikuja kujua baadaye. Ndiyo maana mgombea anayesema ataleta uwazi bila kutaja kifungu hata kimoja cha katiba ya taasisi anayotaka kuiongoza hanishawishi.

Uchaguzi wenyewe nao unahitaji macho. Open Source Initiative, iliyoanzishwa mwaka 1998 na ambayo ndiyo inayotunza fasili rasmi ya chanzo huria, yaani ni programu ipi inayostahili kuitwa hivyo, na kuidhinisha leseni zake, ililazimika kurudia uchaguzi wa bodi mwaka 2021 baada ya kugundua kwamba udhaifu katika utaratibu wake wa kupiga kura ulikuwa umetumiwa na kuathiri matokeo. Mwaka 2025 taasisi hiyo hiyo iliingia katika malalamiko mengine kuhusu saa ya mwisho ya kupokea majina, kwa kuwa siku haiishi kwa wakati mmoja duniani kote, na aliyedhani bado ana saa kadhaa mkononi alikuta mlango umefungwa kwa saa za UTC, saa za pamoja za kimataifa. Sisi tunaohesabu saa kuanzia mapambazuko tunaijua adha hii kuliko wengine: ukiambiwa mwisho ni saa sita usiku, uliza ni usiku wa wapi.

Yote hayo hayana maana kama majina yetu hayamo kwenye daftari la wanachama. Nimekutana na wachangiaji wa miaka mingi ambao hawakujua kwamba kazi yao tayari inawapa haki ya kura. Katika taasisi ya Python, mtu anayejitolea angalau saa 5 kwa mwezi katika kazi zinazoendeleza malengo yake anaweza kuwa mwanachama mwenye kura bila kutoa ada. OpenStreetMap Foundation, ambayo inashughulikia ramani huria na si programu pekee, inampa uanachama bila ada aliyechora ramani kwa siku 42 ndani ya mwaka. Kinachotakiwa ni kujaza fomu, na kuijaza kabla ya tarehe ya mwisho, kwani mara nyingi daftari hufungwa wiki kadhaa kabla ya kura kuanza, wakati ambapo hakuna anayeuzungumzia uchaguzi.

Kwa hiyo, Mhariri, ombi langu kwa wasomaji wako watakaopokea karatasi ya kura ya taasisi ya aina hii ni kwamba wawaulize wagombea maswali makavu. Umesoma hesabu za miaka mingapi? Nani anakulipa, na ni jambo gani likija mezani utatoka nje ya kikao? Umewahi kumwambia mfadhili hapana? Una saa ngapi kwa wiki, na mwajiri wako ameliafiki hilo kwa maandishi? Mgombea asiye na jibu si lazima awe mtu mbaya. Mimi sikuwa na jibu hata moja, na bado nadhani nilikuwa mkaguzi mzuri wa msimbo.

Taasisi iliyonikataa itafungua tena upokeaji wa majina hivi karibuni, nami nimeamua kulipeleka langu, safari hii kwa mkono wangu mwenyewe. Maelezo ya kujinadi bado sijayaandika. Nimechapisha hesabu za miaka mitatu na nimezisoma nikiwa na kalamu. Katika ukurasa wa tisa wa zile za karibuni kuna fungu lililoitwa "mengineyo" ambalo limekua maradufu bila maelezo yoyote chini yake, na jana nimemwandikia mhazini kumuuliza ndani yake kuna nini.

Wako,
Mchangiaji wa programu huria
(Jina langu nimelihifadhi kwako, Mhariri)