Somo yangu, Zimbabwe haina bahari

Tanga, Chumbageni
Jumapili, baada ya Alasiri

Somo yangu,

Salamu nyingi. Huku sote wazima, ila joto linatukaanga na embe mwaka huu zimekuwa chache. Naandika kwa kalamu kwa sababu juzi, nilipokuwa nakusihi umfundishe mwanao kuogelea kwenye bwawa la huko kwenu, simu ilinizimikia palepale shemeji alipodakia, "Mtoto wa Dodoma akishajua kuogelea, akaogelee wapi?" Ukacheka, nami nikacheka, chaji ikaisha. Tangu siku ile jibu limenikwama kooni kama mwiba wa changu. Sasa mpe karatasi hii asome mwenyewe.

Mwulize kwanza: Zimbabwe ina bahari gani? Haina. Ukitoka Harare kutafuta maji ya chumvi unavuka mpaka, unaikata Msumbiji mpaka Beira. Na Harare hiyohiyo ndiko alikozaliwa Kirsty Coventry mwaka 1983, yule niliyekuwa nakutajia. Ana medali 7 za Olimpiki, zote za kuogelea. Sisi Tanzania nzima, tangu tuanze kwenda Olimpiki, tunazo 2 tu, ya Filbert Bayi na ya Suleiman Nyambui, Moscow 1980, zote za fedha na zote za mbio za miguu. Na pwani tunayo kutoka Moa mpaka Msimbati! Paris 2024 kina Sophia Latiff na Collins Saliboko walituwakilisha majini, nikawashangilia peke yangu sebuleni, watu wa nyumba hii wanataka mpira tu.

Coventry alianzia Sydney 2000, ana miaka 17, akafika nusu fainali. Kabla yake hakuna muogeleaji wa Zimbabwe aliyewahi kufika hapo. Akaenda kusoma Marekani, chuo cha Auburn kule Alabama, akiogelea kwa jina la chuo. Athens 2004 akarudi na medali 3, ya dhahabu ikiwa ya mita 200 kwa chali.

Lakini mimi aliniteka kwa Beijing 2008. Sikiliza, somo. Tarehe 10 Agosti anaingia mita 400 za mchanganyiko, ile unayobadili mitindo minne. Anamaliza kwa dakika 4 na sekunde 29.89, muda ambao kabla ya siku ile hakuna mwanamke aliyewahi kuugusa, na bado anakuwa wa pili. Stephanie Rice wa Australia kamtangulia. Mita 100 chali, kwenye nusu fainali anavunja rekodi ya dunia, sekunde 58.77. Unasema basi, hii ni yake. Fainali inakuja, Natalie Coughlin wa Marekani anamshinda. Kesho yake mita 200 za mchanganyiko, Rice tena, tofauti sekunde 0.14. Kope zako hazijakutana, mwenzio kashagusa ukuta! Fedha tatu ndani ya siku nne, na kila moja dhahabu ilikuwa palepale mkononi.

Mimi ningekata tamaa, nisikufiche. Unakumbuka nilivyosusa mashindano ya kaswida kwa kuwa wa pili mara moja tu. Yeye tarehe 16 akaingia tena majini, mita 200 chali, akachukua dhahabu na rekodi ya dunia juu yake, dakika 2 na sekunde 5.24. Mwaka huo Zimbabwe ilikuwa imetoa noti ya bilioni 100 na watu wanatafuta mkate hawaupati. Medali 4 za nchi ile kule Beijing zilikuwa zake zote. Rais Mugabe akamkabidhi dola 100,000 za Kimarekani, akamwita binti wa dhahabu. Na huyu ni Mzungu, katika nchi iliyokuwa inagombana na Wazungu wake juu ya mashamba.

London 2012 na Rio 2016 alikwenda, hakupata kitu, akastaafu. Mwaka 2018 wakampa uwaziri wa michezo, na hapo sina la kumsifia sana. Zimbabwe ilifungiwa na FIFA Februari 2022 kwa serikali kuingilia chama cha mpira, na waziri wakati huo alikuwa yeye. Hata hivyo tarehe 20 Machi 2025, huko Ugiriki, alisimama na wanaume sita kugombea urais wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, akawamaliza raundi ya kwanza kwa kura 49 kati ya 97. Kamati ipo tangu 1894, na kabla yake ilikuwa haijawahi kuongozwa na mwanamke wala na mtu wa Afrika.

Sasa nikueleze la kwangu, maana ndilo lililonifumbua macho.

Kitindamimba wangu naye kashikwa na kuogelea chali. Mimi na wewe tulikuwa tunajitupa tu majini na magauni yetu mpaka bibi aje na fimbo, na tulipovunja ungo bahari ikawa ya kaka zetu. Nikasema huyu wangu hatazuiliwa. Basi maji yakijaa jioni tunashuka Sahare, yeye na fulana yake ya mikono mirefu, mimi na leso yangu mchangani kama kocha. Wiki ya kwanza akanyooka vizuri, mikono inazunguka, miguu inapiga, mimi nakazana kupiga kelele "Ongeza! Ongeza!" Sikuangalia anakokwenda. Anayeogelea chali haoni mbele, anaona mawingu. Akaenda kugonga kichwa kwenye ngarawa iliyotiwa nanga. Nundu ilitoka kama ndimu.

Mzee mwenye ngarawa alikuwa mchangani anashona wavu. Hata hakusimama. Akauliza, "Huyo anaogelea au anapaki?"

Usiku nikakaa kwenye simu ya mwanangu mkubwa kutazama tena mbio za Coventry, safari hii si kwa ajili ya medali. Nikaona kitu ambacho miaka yote kilikuwa kinapita mbele ya macho yangu. Juu ya bwawa, mita 5 kabla ya ukuta, kumetandwa kamba yenye bendera ndogo ndogo. Mimi nilidhani mapambo, kama ya maulidi. Kumbe muogeleaji anaziona akiwa chali, na kutoka hapo anahesabu mikono yake. Kila mmoja ana hesabu yake kaizoea mazoezini. Ikitimia anajigeuza kifudifudi, anapinduka, anasukuma ukuta kwa nyayo, anarudi. Na pa kumalizia anaurudisha mkono nyuma bila kugeuka kutazama, na ukuta upo. Somo, yule mwanamke alikuwa anaupiga mkono ukuta asiouona!

Kesho yake yule mzee, pamoja na maneno yake, akanisaidia kusimika fito mbili, nikafunga kamba yenye vipande vya nguo, hatua chache kabla ya ngarawa yake. Mtoto akahesabu, mara ya kwanza saba, akapungukiwa. Mara ya pili kumi, akagonga tena, ila taratibu. Sasa ni tisa. Akipita chini ya vitambaa namsikia anahesabu kwa sauti, maji yanamwingia mdomoni, na kwenye tisa mkono unashika mbao. Mzee siku hizi anamwekea tairi la baiskeli ubavuni mwa ngarawa.

Ndiyo maana namjibu shemeji hivi. Huku bahari inatupa saa mbili tu, kisha yanapwa na mtoto anabaki kwenye matope na kaa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mkondo unamburura, kamba inakatika, fito zinakwenda na maji. Bwawa la kwenu halipwi wala halina mkondo, na lina ukuta ambao leo na kesho upo palepale. Coventry hakukuzwa na mawimbi, alikuzwa na ukuta na kuhesabu. Mtoto wako huko Dodoma ana kitu ambacho wangu anaazima kwa mzee wa ngarawa.

Likizo ikifika mlete. Angalia kalenda ya mwezi, uje siku za maji mafu, bahari inakuwa imetulia. Mkipita madukani mnunulieni wangu miwani ya kuogelea, macho yamekuwa mekundu kama mlevi, nitakurudishia hela.

Na lingine, bora ulisikie kwangu kuliko ukifika ulione mwenyewe. Vile vitambaa vya kwenye kamba ni doti uliyonipa Idi, ile ya bluu yenye korosho. Nilitafuta nguo inayoonekana vizuri mtu akiwa chali, nikapata hiyo tu. Kipande chenye jina sikukikata, nimekiweka sandukuni.

Nisalimie shemeji, na akimaliza kusoma anipigie yeye. Chaji nimejaza.

Ni mimi somo yako