Taa za bustani yako ya Kimbiji

Tanga,
18 Januari

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku. Picha nimezipata na nyumba nimeiona, hongera sana wewe na shemeji. Ule mwembe mliouacha bila kuukata umenifurahisha kuliko hata bati za rangi. Sasa nakujibu swali lako la taa gani mfunge nje, na nakuandikia kwa urefu maana kwenye simu ungenikatiza.

Shemeji anataka taa nne kubwa za LED, nyeupe, za wati 50 kila moja, pembe nne za nyumba, ziwake hadi asubuhi. Mwambie nimempigia hesabu. Taa nne ni wati 200. Kwa saa 12 za giza ni uniti 2.4 kila usiku, yaani uniti 72 kwa mwezi, na mteja wa bei nafuu wa TANESCO anatakiwa asivuke 75. Hapo friji bado haijawashwa. Lakini hata umeme ungekuwa wa bure ningekataa. Taa kali ya ukutani inampiga machoni mtu aliye uani, na nyuma ya mwembe inaacha giza zito kuliko lililokuwepo mwanzo. Mwizi anataka nini zaidi ya hapo?

Getini wekeni taa moja ya sensa, ile inayowaka mtu akisogea. Ifungwe juu kidogo ya kimo cha mtu mrefu, itazame chini, na mbele yake isiwe na matawi yanayoyumba kwa upepo, la sivyo itawaka na kuzima usiku kucha. Sensa hizo humshika vizuri anayepita mbele yake kwa ubavu kuliko anayeijia moja kwa moja, kwa hiyo igeukie njia kwa upande. Taa inayowaka ghafla inamshtua mgeni asiyealikwa, na inawaamsha nyinyi. Iliyowaka tangu magharibi haimshtui mtu.

Bustani yenyewe nayo haihitaji mwanga mwingi. Kabla ya kununua chochote, tokeni usiku na tochi. Wewe kaa barazani, shemeji azunguke nayo: aishike chini ya mwembe akimulika shina, aishike kwenye ngazi, kisha pembeni ya njia ya kwenda chooni na kisimani. Utaona mwenyewe wapi panapendeza na wapi panaumiza macho. Ukikaa kitini ukaiona balbu yenyewe, hapo si mahali pake. Unachotakiwa kuona ni jani, ukuta, mchanga. Mimi ningemulika shina la mwembe kutoka chini, ngazi zote, na njia. Yasmini ziacheni gizani. Harufu yake haihitaji taa, na vimulimuli, kama bado wapo huko, huitana kwa mwanga wao wenyewe. Ukiwawashia taa hawaonani.

Rangi ya mwanga ndiyo naomba usikubali kushindwa. Ukienda Kariakoo geuza boksi usome namba yenye herufi K. Iliyoandikwa 6500 ni ule mweupe wa dukani unaoelekea bluu. Wewe tafuta 2700, au 3000 ikikosekana. Wadudu wanavutwa zaidi na mwanga wa bluu, na masika ikianza kumbikumbi wakatoka, mtafagia mabawa kwa ndoo.

Na kuna jambo ambalo sidhani shemeji amelifikiria. Pwani yenu hiyo, kuanzia Kimbiji kushuka hadi Pembamnazi, kasa bado wanapanda kutaga. Vitoto vyao hutoka mchangani usiku na kuelekea palipo na mwanga zaidi, ambapo kwa kawaida ni upande wa bahari. Wakiona taa ya nyumba wanageuka kuja bara, na huko ni kaa, mbwa, na jua la kesho yake. Hata kasa mama akiukuta ufukwe unawaka anaweza kurudi majini bila kutaga. Kwa hiyo upande wa baharini msifunge kitu. Kama lazima kuwe na taa, iwe ya rangi ya kaharabu au nyekundu, fupi, yenye kifuniko juu, na izimwe mkienda kulala.

Vile vijiti vya sola vya kuchomeka ardhini usivinunue kwa kusoma wati zilizoandikwa. Kipaneli cha upana wa kiganja, jua kali kabisa, hutoa wati mbili hivi. Jua la nguvu ni saa tano tu kwa siku, basi umekusanya umeme wa kuwasha chini ya wati moja hadi alfajiri. Aliyeandika 300 juu ya boksi anakutania. Kwa njia vinafaa, usivitegemee kwa zaidi. Ukitaka sola ya maana, chukua ile yenye paneli ya peke yake, ipandishwe juu ya bati mbali na kivuli cha mwembe, ilale kidogo kuelekea kaskazini ili mvua iioshe.

Za umeme wa kawaida, mwambie fundi ashushe hadi volti 12 kwa transfoma, na waya uwe mnene, maana ukiwa mwembamba taa ya mwisho itafifia. Waya unaotoka ndani kwenda getini uzikwe futi mbili, ndani ya paipu. Mwenye jembe hajui waya umepita wapi. Na lazima kuwe na breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Fundi akisema haina haja, mtafute mwingine.

Angalia pia IP, namba inayoonyesha taa inavyozuia vumbi na maji: chini ya kibaraza 44 inatosha, kwenye wazi 65, ya kuzikwa ardhini 67. Chuma cha rangi kisikudanganye, chumvi ya huko itakila. Bora aluminiamu nzito au shaba nyeupe.

Nipimie urefu kutoka main swichi hadi getini, na kutoka hapo hadi mwembe, unitumie kwa ujumbe. Nitakwambia waya wa unene gani, kabla shemeji hajaenda Kariakoo Jumamosi.

Wasalimie watoto na mama mkwe.

Wako,
Zainabu